Kimara hadi Posta: Nani Alipie Basi Linalorudi Tupu?

Kipande cha Barabara ya Morogoro kinachotoka Kimara, kikapita Ubungo, Manzese na Magomeni, kikavuka Bonde la Msimbazi pale Jangwani na kuingia mjini, kimeshuhudia karibu kila aina ya basi ambayo Dar es Salaam imewahi kuijaribu. Yalipita mabasi ya kampuni ya enzi ya mkoloni, yakapita ya shirika la umma, yakaja magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi, vipanya, DCM na Coaster, na tangu 2016 yanapita mabasi marefu ya Mwendokasi katika njia yake yenyewe ya zege. Kila badiliko lilipokewa kama jawabu, na kila moja likazeeka kwa namna ileile: umati kituoni, gari lililojaa kabla halijafika, na lawama kwa yeyote aliyeshika usukani wakati huo. Tumemlaumu mkoloni, tukalilaumu shirika, tukawalaumu makonda, sasa tunailaumu menejimenti. Hoja ya safu hii ni kwamba mlaumiwa amekuwa akibadilika kwa sababu tatizo lenyewe halijaguswa. Njia hii haijawahi kuendeshwa kwa mkataba unaosema waziwazi, na ukatekelezwa, nani abebe gharama ambayo nauli haiwezi kuimaliza. Gharama hiyo ipo kila siku ya Mungu, na isipopewa mwenyewe, humwangukia aliye mnyonge kuliko wote ndani ya basi au kituoni.

Chanzo cha gharama hiyo ni umbo la jiji, kabla hata hatujafika kwenye ubaya wa mtu yeyote. Bandari, wizara za zamani, mabenki, Soko la Kariakoo na Hospitali ya Muhimbili vyote viko upande mmoja, karibu na bahari. Makazi yamesogea bara, mwaka hadi mwaka, kufuata barabara. Asubuhi watu wanamiminika kwenda mjini, jioni wanamiminika kurudi. Basi linaloingia mjini saa moja asubuhi limefurika hadi mlangoni. Likigeuka kwenda Kimara kuchukua wengine, lina abiria wa kuhesabu. Mwenye basi anayetaka kutosheleza saa hizo chache za asubuhi lazima awe na magari ambayo mchana hayatakuwa na kazi ya maana. Riba ya mkopo, tairi na mshahara wa dereva havipungui kwa sababu ni saa nane mchana. Kwa hiyo abiria anayebanwa saa moja asubuhi, pamoja na taabu yake yote, ndiye aliye ghali kuliko wote kumsafirisha, kwani kwa ajili yake linanunuliwa gari la ziada na linapigwa safari ya kurudi bila watu.

Wakazi wa Dar es Salaam walikwisha kulitambua hili bila kufungua kitabu cha uchumi. Wana desturi ya kugeuza nalo: mtu anayetaka siti wakati wa msongamano hupanda basi linalokwenda kinyume na aendako, akalipa nauli, akafika nalo mwisho wa njia, kisha akageuza nalo na kulipa nauli ya pili. Desturi hiyo ni ushahidi mzuri kuliko ripoti nyingi. Inaonyesha kwamba siti ya saa ya msongamano bei yake halisi sokoni ni nauli mbili, na kwamba anayelipa nauli ya pili analipia ile safari ya upande mtupu ambayo tangazo la mamlaka halikuihesabu. Asiye na nauli ya pili anasimama, anagombania mlangoni, au anaachwa. Hapo ndipo tunapaswa kuanzia tunapoisoma historia ya njia hii: kila zama tuulize nani alikuwa analipia upande ule mtupu.

Huduma ya mabasi ya jiji ilianza 1949 kupitia Dar es Salaam Motor Transport, DMT kwa kifupi. Sensa ya mwaka uliotangulia ilihesabu wakazi wapatao 69,000, na ile ya 1957 ikahesabu kama 128,000. Uhindini, Kariakoo na Ilala vilikuwa vimekaribiana. Magomeni ilikuwa pembeni, na Kimara ilikuwa mashamba. Katika njia fupi kama hizo gari linakwenda na kurudi mara nyingi asubuhi moja, hivyo siti ileile inauzwa tena na tena, na safari tupu haichukui muda. Watu wengi, isitoshe, walitembea kwa miguu kwenda kazini na hawakuwahi kuingia katika hesabu ya kampuni. Wanaoikumbuka DMT kwa ratiba na ustaarabu wake hawasemi uongo, ila ustaarabu ule ulipata nafuu ya jiji dogo. Anayeichukua DMT kama kipimo cha kuwahukumu waliofuata anasahau kwamba hasara iliyowaua hao wengine ilikuwa bado haijakomaa.

Ilikomaa upesi. Kampuni ilitaifishwa 1970, na 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ikachukua jiji. Kati ya sensa ya 1967 na ile ya 1978 wakazi wa mkoa waliongezeka kutoka kama 356,000 hadi kama 843,000, zaidi ya mara mbili katika miaka 11. Ukuaji huo uliifuata Barabara ya Morogoro kwa nguvu ya pekee. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa Ubungo, Chuo Kikuu kilikuwa kimehamia Mlimani, Manzese ilikuwa imejaa watu kabla ya mpangaji yeyote kuipima. Safari ikarefuka, na kila kilomita iliyoongezeka iliongeza muda wa basi kurudi tupu. UDA ikaleta mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yale yaliyoitwa kumbakumba, nayo yalikumba kweli. Lakini ukubwa wa basi unapunguza gharama ya kila kichwa pale tu linapojaa. Linaporudi tupu, basi kubwa linarudi na hasara kubwa.

Serikali ilitaka nauli ibaki chini, na ilikuwa na haki ya kutaka hivyo. Lengo la kuwa na shirika la umma ni nini ikiwa mfanyakazi wa Urafiki hawezi kulipanda basi lake? Kasoro ilikuwa kwamba pengo kati ya nauli na gharama halikuwa deni ambalo shirika lingeweza kulidai kwa tarehe na kiasi kinachojulikana. Lilikuwa jambo la kuombea, na mwombaji hapangi matengenezo. Mafuta yalipopanda 1973 na tena 1979, Vita vya Kagera vikamaliza akiba ya fedha za kigeni, na vipuri vikawa vya kupigania, shirika lilibaki na njia moja tu ya kuziba pengo: kujila lenyewe. Basi moja lilichinjwa ili jingine litembee. Kwa nje watu waliona uzembe, na uzembe ulikuwepo. Kwa ndani kilichokuwa kinaendelea ni kwamba gharama ya upande mtupu ilikuwa inalipwa kwa injini na giaboksi za shirika, hadi zikaisha.

Pengo hilo ndilo lililozaa usafiri binafsi. Katika miaka ya 1970 yalikuwepo magari yaliyobeba watu kwa magendo, yakijulikana kama thumni thumni, na polisi waliyafukuza. Mwaka 1983 Serikali ilikubali yaishe, ikaruhusu wenye magari binafsi kubeba abiria wa jiji. Zikaja chai maharage, abiria wametazamana kwenye mabenchi, vikaja vifodi. Na milango ya kuagiza magari ilipofunguka, vipanya vilivyotumika Japani vikaingia kwa wingi. Kwa muda mfupi magari hayo, yaliyoitwa daladala, yaliondoa foleni ambazo UDA ilishindwa kuziondoa. Waliotetea soko huria waliona hapo uthibitisho wao: ondoa urasimu, usafiri utajipanga. Ni kweli kwamba magari yalipatikana. Ila gharama ya safari tupu haikufutika kwa sababu mwenye gari amebadilika. Ilihama mikono tu, na mikono iliyoipokea ni ya dereva na konda.

Ilihama kwa njia ya hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, anampa dereva gari asubuhi, usiku anapokea kiasi kilichopangwa, gari liwe limejaa au halikujaa. Mafuta juu ya dereva; faini ya trafiki na malipo ya mpiga debe juu ya dereva na konda; kinachobaki ndicho mshahara wao. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyeichunguza sekta hii kwa miaka mingi, alikuta mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba wafanyakazi wa daladala walikuwa kazini wastani wa saa 15 kwa siku, karibu kila siku ya wiki, wengi bila mkataba wowote. Nyuma ya wengi wao walikuwepo madeiwaka, yaani vibarua wa siku, wakisubiri mmoja aumwe au agombane na tajiri. Katika mpango kama huo tajiri ana uhakika wa kipato chake kabla jua halijachomoza, na hatari yote ya biashara, mvua, foleni, mchana mkavu usio na abiria, imebebwa na wawili wasiomiliki hata usukani.

Ukiuelewa mpango wa hesabu, tabia zilizoitwa uhuni zinakuwa rahisi kuzisoma. Daladala inakatisha ruti na kuwashusha watu Ubungo badala ya kufika Kimara kwa sababu kipande kile cha mwisho jioni kinakula muda wa safari nyingine yenye abiria. Inasimama kituoni robo saa mchana kwa sababu kuondoka tupu ni hasara ya dereva mwenyewe. Saa ya msongamano inakimbia kama inafukuzwa kwa sababu ndizo saa pekee za kuokoa siku. Haya yote ni majibu ya akili timamu kwa swali baya. Askari akimkamata dereva, na konda akivalishwa sare, swali linabaki vilevile. Hata pale masharti ya leseni yalipodai kwamba dereva awe na mkataba wa ajira, karatasi ilipatikana na hesabu ikaendelea kukusanywa usiku.

Ushahidi wa wazi kuliko wote ni mwanafunzi. Dola imeamua kwamba mtoto wa shule alipe pungufu ya mtu mzima, na hakuna mzazi atakayepinga. Lakini nani anaifidia ile sehemu ya nauli iliyobaki? Hazina hailipi, tajiri hapunguzi hesabu, kwa hiyo analipa konda kutoka katika chakula chake. Konda akiwa na nafasi moja mlangoni, na mbele yake wamesimama mtu mzima na mtoto mwenye begi, anajua mmoja wao atamtia hasara. Kwa miaka mingi taifa zima limewasema makonda kwa kuwaacha watoto vituoni, na limesema kweli: ni jambo la aibu. Aibu kubwa zaidi ni ya sheria inayotoa sadaka kwa mfuko wa mtu mwingine, kisha ikashangaa sadaka haifiki.

Atatokea wa kusema kwamba, pamoja na yote hayo, daladala ililibeba jiji. Kutoka watu milioni 1.36 waliohesabiwa mkoani 1988 hadi milioni 4.36 mwaka 2012, wengi wao walifika kazini kwa gari ambalo Serikali haikulinunua wala kulifidia. Je, huo si ushindi wa mfumo usio na mkataba wa maana? Ni hoja nzito, na anayeidharau daladala hajaitazama Dar es Salaam. Ilifika vichochoroni ambako hakuna shirika lingefika, ikafuata makazi mapya bila kungoja ramani, ikaajiri maelfu ya vijana. Ila kusema haikufidiwa ni kutazama vitabu vya Hazina peke yake. Ilifidiwa kwa usingizi wa dereva wa saa 15, kwa mtoto aliyechelewa darasani, kwa mzee aliyeshushwa kabla ya kituo chake, na kwa ajali za mwendo ambazo bili zake zilipelekwa hospitali. Fidia hiyo haikuandikwa popote, ndiyo maana ilionekana kama haipo.

Mwendokasi ilibuniwa kwa kuyajua haya. Mpango ulianza kusukumwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kleist Sykes akiwa Meya wa Jiji, na wakala wa kuusimamia, DART, ukaundwa 2007. Mfano ulioangaliwa ulikuwa wa Bogotá, ambako TransMilenio ilianza mwaka 2000. Kiini cha mfano ule hakikuwa barabara ya zege, ingawa hiyo ndiyo inayopigwa picha. Kiini kilikuwa kutenganisha majukumu: mmoja aendeshe mabasi na alipwe kwa kilomita, mwingine akusanye nauli, fedha ziingie katika mfuko mmoja, na mamlaka ya umma ipange ratiba na kusimamia viwango. Dereva anayelipwa hivyo hana sababu ya kukimbizana, na basi linaweza kuondoka kituoni saa nane mchana likiwa na watu watano bila mtu kulala njaa. Hapo, kwa mara ya kwanza katika historia ya njia hii, safari tupu ilipewa mwenyewe. Ilipewa kwenye karatasi.

Utekelezaji ulikwenda kwa namna nyingine. Strabag ilianza ujenzi 2012, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikajenga kama kilomita 21 za awamu ya kwanza: Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Miundombinu ilipokaribia kukamilika, wa kuiendesha kwa mkataba kamili hakuwepo. Ikaundwa UDA-RT, ikiunganisha UDA na vyama vya wenye daladala, ili itoe huduma ya mpito, na huduma ikaanza Mei 10, 2016 kwa mabasi 140, wakati awamu ile ilikusudiwa kuwa na 305. Miezi michache kabla, mwendeshaji alipendekeza nauli ya shilingi 1,200 katika njia kuu. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaikataa, na mwisho ikawa 650. Nadhani alikuwa na haki kuikataa, kwa kuwa daladala ilikuwa shilingi 400 na abiria wa Kimara hakupandishwa mshahara kwa sababu barabara yake imepandishwa hadhi. Jambo ambalo halikuwekwa mezani ni sentensi inayofuata: kama gharama ni kubwa kuliko 650, tofauti italetwa na nani? Kosa la miaka ya UDA lilirudiwa kwa nia njema ileile.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila anayeitumia njia. Karakana ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde ambalo Msimbazi hulichukua kila mvua zikizidi, na mabasi yakaogeshwa kwa tope hadi mengine hayakuamka. Mabasi mengine 70 yaliyoagizwa baadaye yalikaa bandarini muda mrefu kwa mzozo wa kodi. Kadi zilianza, zikaachwa, tiketi za karatasi zikarudi, kisha kadi zikaja tena. Watu huyasimulia haya kama mikosi mbalimbali. Mimi nayasoma kama swali moja lililoulizwa mara nyingi. Mafuriko yakiharibu gari lililolazwa kwenye karakana iliyochaguliwa na dola, hasara ni ya nani? Gari la huduma ya umma likidaiwa kodi ya bidhaa ya biashara, nani anasubiri, mdai au abiria? Nauli ikipunguzwa kwa tamko, mapato ya mwendeshaji yanashuka kwa tamko hilohilo, au kuna anayejazia? Mkataba mzuri unajibu maswali hayo kabla hayajatokea. Pasipo jibu, mwendeshaji hupunguza matengenezo kama UDA ilivyofanya, na abiria husubiri dakika 40 katika njia iliyojengwa ili asisubiri.

Pingamizi la pili linasema hii ni kusafisha wezi kwa maneno mazuri. Tatizo, wanasema, ni uzembe na ufisadi: UDA ilifilisiwa na wakubwa wake, mauzo ya hisa zake ya 2011 yalizua mzozo hadi bungeni, na mwenendo wa Mwendokasi nao umeleta maswali ya fedha. Sina haja ya kuwatetea wahusika. Lakini maelezo ya wizi yana udhaifu mmoja: hayaelezi kwa nini matokeo yalifanana chini ya watu wasiofanana. Shirika la umma, matajiri wadogo wenye gari moja moja na kampuni ya ubia hawana mabosi wale wale wala desturi ile ile, na bado abiria wa Kimara aliishia palepale. Tena wizi hustawi pale ambapo wajibu haupimiki. Kama hakuna karatasi inayosema mabasi mangapi yatoke Kimara kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi, hakuna ajuaye ni mangapi yameibwa. Mkataba hauzuii mwizi kuzaliwa, ila unaifanya hasara ionekane siku ileile badala ya kuonekana baada ya miaka kumi.

Pingamizi la tatu ni la mfuko. Nchi yenye upungufu wa madarasa na dawa, itawezaje kutoa ruzuku kwa mabasi ya jiji lililo tajiri kuliko mikoa mingine? Wanaouliza hivi wana haki ya kujibiwa kwa hesabu, maana ni kweli kwamba malipo kwa kilomita hayaleti pesa yenyewe. Bogotá ilianza kwa kujivunia kwamba nauli inatosha, na baadaye jiji likalazimika kuchangia mfuko kila mwaka. Johannesburg, ambako wenye teksi walipewa hisa katika Rea Vaya, inaifadhili huduma hiyo kwa fedha nyingi za umma. Lakini chaguo letu halikuwahi kuwa kati ya kutoa ruzuku na kutoitoa. Tumekuwa tukiitoa tangu 1974, kwanza kwa magari ya shirika, kisha kwa saa za madereva, halafu kwa mkopo wa kujenga barabara ambayo haitumiki ipasavyo. Hasara ya siri ni ghali kuliko ya wazi, kwa sababu haina kikomo wala mkaguzi. Na kanuni ya kutenga fedha si ngeni kwetu: Mfuko wa Barabara hulishwa na tozo ya mafuta ili lami itengenezwe. Kama tunakubali kwamba mwenye gari dogo achangiwe lami anayopita, ni vigumu kueleza kwa nini watu 150 waliomo ndani ya basi moja wasichangiwe safari ya kurudi ya basi hilo.

Kuna ugumu mwingine ambao hausemwi sana: mkataba unataka pande mbili, na upande wa umma katika njia hii umegawanyika mno. DART iko chini ya TAMISEMI. Nauli na leseni ni za LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Barabara kuu ni ya TANROADS na za mitaa ni za TARURA. Askari wa barabarani wana wizara yao. Halmashauri ya Jiji, ambayo ingeweza kuwa na kauli juu ya mkoa mzima, ilivunjwa Februari 2021. Kila ofisi ina kipande cha njia, na hakuna yenye njia. Matokeo yake tuliyaona Barabara ya Kilwa: awamu ya pili kwenda Mbagala ilikamilika kwa zege na vituo, kisha ikakaa bila mabasi yake hadi 2025, kwa kuwa kujenga kulikuwa na mwenyewe na kuendesha hakukuwa naye. Zege lina mkandarasi, mkopo na tarehe ya kukabidhi. Huduma ya kila asubuhi, ambayo ndiyo iliyokopewa fedha hizo, haikuwa na vitu hivyo vitatu.

Mkataba ninaoutetea si mrefu. Useme idadi ya mabasi yanayotakiwa kuwa barabarani kwa kila saa na muda wa juu wa abiria kusubiri. Umlipe mwendeshaji kwa kilomita zilizothibitishwa na umkate kwa zisizotembea. Nauli yote iingie katika mfuko usioshikwa na mwendeshaji. Serikali ibaki na mamlaka ya kupanga nauli, lakini kila inapoipanga chini ya gharama iweke kiasi cha fidia katika bajeti ya mwaka huo, na ikichelewa kulipa ikatwe kama mwendeshaji anavyokatwa. Nauli ya mwanafunzi iwe fungu linalolipwa na dola, ili mtoto kituoni awe na thamani sawa na mtu mzima. Dereva awe na mshahara. Na daladala, bajaji na bodaboda zinazowaleta watu kutoka Mbezi, Goba na Makuburi ziingizwe katika mpango huo badala ya kufukuzwa mwaka huu na kuitwa mwaka ujao mabasi yanapopungua. Waraka wote uchapishwe, maana mkataba ambao abiria hajauona hawezi kuudai.

Oktoba 2025, baada ya hasira za abiria kulipuka hadharani Kimara, viongozi wa DART na wa kampuni ya uendeshaji waliondolewa, na baadhi ya mabasi yaliyokuja kwa ajili ya Mbagala yakahamishiwa Barabara ya Morogoro. Hatua hizo zilileta nafuu, na waliosubiri tangu alfajiri hawakuwa na sababu ya kuzikataa. Wapo wanaoona kwamba sasa, waendeshaji binafsi wapya wakiingia, jawabu limepatikana. Laiti ingekuwa hivyo. Njia hii imekwisha kupata mabosi wapya na magari mapya mara nyingi kuliko inavyohitajika kuthibitisha kwamba upya hautoshi. Mwekezaji binafsi anayelipwa kwa nauli peke yake atafanya kile ambacho matajiri wa daladala walifanya, kwa kadi ya kielektroniki badala ya noti: atapunguza magari mchana, atajaza asubuhi, na atakwepa kila abiria asiye na faida. Kwa hiyo siku mabasi mengine yatakapopokelewa bandarini kwa hotuba na utepe, swali la kumuuliza waziri halihusu idadi ya viti wala nchi yalikotengenezwa. Aulizwe ni kifungu gani, katika bajeti ya mwaka gani, kinacholipia basi hilo likirudi Kimara saa tatu asubuhi bila watu. Kifungu kikiwepo, huduma itadumu hata chini ya meneja wa kawaida. Kisipokuwepo, hata meneja hodari ataanza kuchinja magari yake.